Kijana wako au mfanyakazi wako?

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Ukifika Bukoba wiki ya mwisho ya Desemba utadhani nusu ya Dar es Salaam na Mwanza imehamia huko. Kila mwenye asili ya Kagera na nauli mfukoni yuko nyumbani. Watu wanakula ndizi, wanatafuta senene kama msimu bado haujapita, wanazika waliofariki wakati wao hawapo, wanabatiza waliozaliwa. Na jioni, wakishakaa chini, huja yale mazungumzo ambayo sasa nimeyazoea: ndugu yangu, nifungue kitu gani hapa nyumbani?

Basi mmoja anafungua duka la vifaa vya ujenzi, mwingine saluni, mwingine ananunua pikipiki mbili za abiria, mwingine anaweka kibanda cha kutuma na kupokea fedha kwa simu. Ikifika tarehe tatu au nne ya Januari, mwenye mali anapanda basi au meli anarudi kazini kwake mjini. Duka linabaki. Anayebaki nalo ni nani? "Nimemwachia kijana." Jibu huwa ni hilo hilo, na hakuna anayeuliza zaidi.

Nataka leo tumzungumze huyo kijana. Na kwa sababu si haki kumsema mwingine wakati mwenyewe nina yangu, nitaanza na langu.

Mimi ni mtangazaji. Kazi yangu ni kuuliza watu maswali, na nina stashahada iliyopigwa mhuri kuthibitisha kwamba najua kuyauliza. Mwishoni mwa mwaka 2020 nilifungua mashine ya kusaga nafaka kwetu Izimbya, Bukoba Vijijini. Umeme ulikuwa umefika, watu walikuwa wanabeba mihogo na mahindi yao mbali, nami nilikuwa na akiba kidogo. Nikanunua mota na mashine yenyewe, fundi akafunga mkanda, tukapaka ukuta rangi. Biashara ikaanza Januari 2021.

Kijana nilimpata bila kutafuta. Ni mtoto wa jirani, wakati huo ana miaka 19, mpole, hesabu anazijua. Mapatano yetu tuliyafanya nyuma ya nyumba, tumekaa kwenye benchi, kibuyu cha lubisi kiko katikati. Nilimwambia hivi: utakula nyumbani kwetu, mwisho wa mwezi nitakupa 60,000, na tukiona biashara inakwenda vizuri tutaongeza. Akasema ahsante. Baba yake akasema ahsante. Sote tukaona jambo limekwisha. Hakuna aliyeuliza saa ngapi anafungua na saa ngapi anafunga, Jumapili inakuwaje, akiugua inakuwaje. Sikumwandikia hata mstari mmoja. Nilimwona kama mdogo wangu, na mdogo wako humwandikii mkataba.

Kumbe hapo ndipo penye shimo.

Ndani ya mwaka mmoja mambo yalikuwa yameshakuwa hivi. Anafungua alfajiri kwa sababu akina mama huja kabla ya kwenda shamba. Anafunga usiku, kwa sababu wengine huja baada ya shamba. Jumapili anafungua baada ya misa. Mshahara nautuma kwa simu vipande vipande: leo 20,000, baada ya wiki mbili 15,000, mwezi mwingine namwambia avumilie ada za watoto zinanibana. Tunao msemo wetu wa butura, ule ununuzi wa kahawa ikiwa bado ua mtini, ambao wazee wetu wameulaani miaka na miaka kwa kuwa unamla mkulima jasho kabla halijamtoka. Mimi nilikuwa nikiulaani redioni. Huku nyumbani nilikuwa nakula jasho la mtu likiwa limeshatoka, na sikuwa na jina la kuuita mchezo huo.

Katikati ya mwaka 2022 kijana alinipigia simu kuniambia kifuniko cha mkanda kimelegea. Kinagonga, akasema, na fundi amekitoa kwa muda. Nilimuuliza kama mashine inafanya kazi bila kifuniko. Akasema inafanya. Nikamwambia basi endelea, tutaangalia mwezi ujao.

Mwishoni mwa Agosti mkanda ulimvuta mkono wa kulia. Alipoteza vidole viwili, cha kati na cha pete.

Nilipanda meli Mwanza jioni, asubuhi nikawa Bukoba, adhuhuri niko Izimbya. Nilimkuta amekwisha hudumiwa hospitali, mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kifundo. Alinisalimia vizuri na hata kuniomba radhi kwamba kazi imesimama. Msikilizaji, afadhali angenitukana.

Jioni ile wazee wakaniita. Baba wa kijana hakusema kitu. Aliyesema ni baba yake mkubwa, mzee ambaye nimemfahamu tangu nikiwa mtoto. Aliniambia, "Waitu, mwanangu, sisi hatukukuita tugombane. Tunataka tujue jambo moja tu. Huyu alikuwa kijana wako au mfanyakazi wako? Kama ni kijana wako, tuambie umemlea vipi. Kama ni mfanyakazi wako, tuambie umemlipa vipi."

Sikuwa na jibu. Nilisema maneno mengi, kama mtangazaji afanyavyo kanda inapokatika, lakini jibu sikuwa nalo.

Sasa jibu ninalo, maana niliporudi mjini nilikwenda kulitafuta. Sheria zinazotawala jambo hili Tanzania Bara ni mbili, zote za mwaka 2004: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6, na Sheria ya Taasisi za Kazi, namba 7. Hii ya pili ina kifungu, cha 61, ambacho kila mwenye biashara ndogo angestahili kukisoma kabla hajanunua kufuli la duka. Kinasema mtu anayefanya kazi kwa mwingine atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka itakapothibitishwa vinginevyo, ikiwapo japo moja ya hali zilizotajwa. Kwamba wewe ndiye unayemwelekeza namna ya kufanya kazi. Kwamba saa zake za kazi unazipanga wewe. Kwamba amekufanyia kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kwamba anakutegemea wewe kwa riziki yake. Kwamba vifaa vya kazi umempa wewe. Inatosha moja, na mimi nilikuwa nazo zote. Sheria haikuniuliza namwitaje. Hata ningemwita mjomba, bado ni mwajiriwa.

Na usijifiche nyuma ya udogo wa biashara. Sera yetu ya viwanda vidogo na biashara ndogo ya mwaka 2003 inaihesabu biashara yenye mtu mmoja hadi wanne kuwa ndogo kabisa. Sawa, lakini Sheria ya Ajira haikusema ianzie kwa mtu wa tano. Walioachwa nje ya sheria ile ni wanajeshi, polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Wauza duka na wasaga unga hawakuachwa.

Sheria inataka mwajiriwa apewe maandishi anapoanza kazi. Si kitabu kizima. Jina lake, umri, anwani na jinsi yake, mahali alipoajiriwa, kazi gani, anaanza lini, ajira ni ya namna gani na ya muda gani, anafanyia wapi, saa ngapi, analipwa kiasi gani, kwa hesabu ipi na kwa stahili zipi. Ukurasa mmoja unatosha. Kama hajui kusoma, asomewe na kuelezwa kwa lugha anayoielewa. Wewe mwajiri unaitunza karatasi hiyo, na hata akiondoka unaendelea kuitunza kwa miaka mitano. Halafu kuna kijembe hiki: ikitokea kesi nawe huna maandishi ya kuonyesha, basi mzigo wa kuthibitisha mlipatana nini ni wako. Yeye aseme ulimwahidi laki, wewe ndiye wa kuleta ushahidi kwamba haikuwa laki.

Mimi ningeleta ushahidi gani? Ujumbe wa fedha niliokuwa natuma ulikuwa kwenye simu ya zamani, na simu ile ilizama ziwani.

Aliyekuwa na ushahidi ni mama yake kijana. Baada ya mzee kuuliza lile swali lake, mama alitoka, akarudi na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Alikuwa ameandika kila shilingi mwanawe aliyopata kutoka kwangu, tarehe na kiasi, kwa penseli, kwa sababu kijana alikuwa akipeleka nyumbani sehemu ya kila alichopata na mama hapendi kudanganyana. Tukajumlisha mbele ya wote, kwa mwanga wa simu. Miezi 20, Januari 2021 hadi Agosti 2022. Alikuwa amepokea 870,000. Kwa mapatano yetu ya kwenye benchi nilipaswa kuwa nimempa 1,200,000. Kwa hiyo nilikuwa nadaiwa 330,000, nami nilikuwa nimekaa pale nikiamini kwamba nadaiwa labda mwezi mmoja.

Nilipokwenda kuuliza kuhusu kima cha chini, deni likapanda. Amri ya mishahara iliyokuwa ikitumika wakati ule, ya mwaka 2013, iliweka 115,000 kwa mwezi kwa sekta ya biashara na viwanda. Ile 60,000 yangu ilikuwa pungufu tangu siku ya kwanza. Kijana alikubali, ndiyo, lakini kukubali kwake hakubadilishi sheria. Miezi 20 kwa 115,000 ni 2,300,000. Toa 870,000. Zinabaki 1,430,000. Ongeza malipo ya likizo ya mwaka wa kwanza, ambayo sikumpa wala sikujua kama nadaiwa: siku 28 za mapumziko yenye malipo kwa kila mwaka. Saa za ziada na zile Jumapili zote mzee alisema tuziache, na mimi sikumbishia, ingawa najua zilikuwa nyingi.

Maana saa nazo zina kipimo chake. Siku sita kwa wiki, saa 45 kwa wiki, saa tisa kwa siku. Akizidisha kwa makubaliano, kila saa ya ziada unailipa mara moja na nusu, na ziada yenyewe isipite saa 50 katika wiki nne. Akifanya kazi siku yake ya mapumziko au sikukuu, saa ile inalipwa mara mbili. Utaniambia biashara ndogo haiwezi kufuata hayo. Huenda. Lakini basi fungua saa chache, au ajiri wawili kwa zamu. Hapa naona watu wananikunjia uso. Nikunjieni tu. Ninachojua ni kwamba yule kijana alikuwa amechoka siku ile mkono ulipoingia kwenye mkanda, aliniambia mwenyewe, na hakuniambia kwa kulaumu.

Kuhusu ajali sasa. Ipo sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2008, na upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao waajiri walianza kuuchangia Julai 2015. Sekta binafsi ilianza na asilimia 1 ya mishahara, ikapunguzwa hadi 0.6 mwaka 2021, kisha 0.5 mwaka 2022. Mchango huu ni wa mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti. Fanya hesabu pamoja nami. Kwa asilimia 1 ya zamani, mchango wa yule kijana ungekuwa 1,150 kwa mwezi. Sikujiandikisha. Sikusema nakataa, sikujua, na sikuuliza, kwa sababu nilidhani mambo ya mifuko ni ya viwanda vikubwa vya Pugu Road. Matibabu nikayalipa kutoka mfukoni, na kifuta jasho juu yake, na kila mwezi aliokaa nyumbani. Na kifuniko kile cha mkanda? Fundi wa kuchomelea pale sokoni alikitengeneza kwa nusu siku.

Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, nao ni hivyo hivyo. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri anaruhusiwa kumkata mfanyakazi nusu yake tu. Kwa mshahara wa 200,000 unaweka 20,000, yeye anaweka 20,000, na fedha zote zinapelekwa ndani ya mwezi unaofuata. Ukimkata halafu usipeleke, hapo tusitafute lugha ya upole, umemwibia. Kodi ya mapato haimgusi ambaye mshahara wake hauzidi 270,000 kwa mwezi. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi, tangu mwaka 2021, inawahusu wenye waajiriwa kumi au zaidi. Kwa hiyo mdogo amepewa nafuu zake. Wengi tunalia juu ya mzigo ambao hatujaupima.

Kuna jambo jingine ninalolisikia sana mjini kuliko kijijini, nalo ni shoti. Jioni hesabu zimepungua 30,000, basi mwenye duka anazikata zote kwenye mshahara, wakati mwingine mshahara mzima unakwisha na binti anaanza mwezi akiwa anadaiwa. Sheria haikukataza kufidia hasara, ila imeweka utaratibu. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake. Umwandikie sababu na kiasi, na jinsi ulivyokipata. Umpe nafasi ya kujitetea. Usikate zaidi ya hasara yenyewe, na kwa mwezi mmoja makato yasizidi robo ya mshahara. Sasa jiulize, msikilizaji wa Kariakoo au wa Kirumba, ni shoti ngapi mwaka huu zimepita katika njia hiyo.

Na kumwondoa mtu. "Kuanzia kesho usije." Huyo anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28, akiwa amevuka mwezi wake wa kwanza. Akiwa ametimiza mwaka ana kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka kamili, hadi miaka kumi, isipokuwa kama ameondolewa kihalali kwa utovu wa nidhamu. Na anastahili cheti cha utumishi. Akiona ameonewa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo, na ya kwetu iko Bukoba mjini. Lalamiko la kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, mengine ndani ya siku 60. Wengi huzikosa siku hizo wakingoja mzee fulani aende akaseme na tajiri.

Hapo ndipo ninapowaelewa wale wanaosema, ukiweka karatasi unaua undugu. Kwetu Buhaya kumkaribisha mtu kufanya kazi nyumbani kwako ni jambo la zamani. Enzi za ukoloni kahawa ilipopata bei, watu walivuka kutoka Rwanda na Burundi kuja kufanya kazi kwenye vibanja vya babu zetu. Wengine walikaa, wakaoa, leo wajukuu zao ni majirani zetu. Tunapenda kuisimulia hadithi hiyo kwa upande wa ukarimu. Sijawahi kusikia ikisimuliwa kwa upande wa daftari, nani alilipwa nini na nani aliondoka mikono mitupu. Ninashuku kwamba upande huo hauwezi kuwa mzuri hivyo, na ninashuku kwamba neno letu hili "kijana wangu" limetoka huko huko.

Na kama huyo "kijana" wako ni mtoto kweli, sina haja ya kusema mengi. Chini ya miaka 14 hairuhusiwi kumwajiri. Kuanzia 14 ni kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia shule. Kazi ya hatari, na mashine yenye mkanda ni hatari, nimekwisha kuwaambia, haifanywi na mtu wa chini ya miaka 18.

Deni langu nililipa kwa mafungu matatu. Fedha nilikopa kwenye chama chetu cha kuweka na kukopa pale kazini, nikaeleza kwenye fomu kwamba ni za maendeleo. Mashine ilikaa kimya miezi miwili. Kabla ya kuifungua nilikwenda Ofisi ya Kazi Bukoba, nikakuta watu wasiouma. Nilikuwa nimejiandaa kukaripiwa, nikapewa kiti. Nikajiandikisha kwenye mifuko yote miwili. Kima cha chini kilipanda tena: amri ya mwaka 2022 ilikipeleka 150,000 kwa sekta yetu kuanzia Januari 2023, na mwaka 2025 Serikali ikatangaza amri nyingine ya kuanza Januari 2026. Kwa hiyo usiishike tarakimu yangu hii kama msahafu, nenda kaulize ya sasa.

Kijana alirudi. Nilidhani hatarudi. Sasa anapima na kupokea fedha, na yuko mwenzake anayesimama kwenye mashine, na kati yao na mkanda kuna bati. Jumapili tumefunga, akina mama walinung'unika mwezi mmoja wakazoea. Siku ya kutia saini mkataba ilimchukua muda, kwa sababu kalamu alikuwa anajifunza kuishika upya, nasi tuliokuwa pale tuliangalia kando tukingoja amalize.

Mama yake bado anaandika kwenye lile daftari. Krismasi iliyopita nilimwambia, mama, siku hizi kuna karatasi ya mshahara kila mwezi, tunatia saini wote wawili, pumzika. Alicheka. Akasema, "Waitu, mwanangu, ile karatasi ni yako. Hili daftari ni langu."

Wiki ijayo, tukijaliwa, nitazungumzia mizani ya wanunuzi wa kahawa. Kwaherini.